Walanguzi wa tiketi za Colosseum wametupiga mchana kweupe

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kama unajiandaa kwenda Roma mwezi Juni, au unampeleka mzazi, soma kwanza haya kabla hujamtumia pesa mtu yeyote anayejiita wakala wa tiketi.

Tiketi ya kawaida ya Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale wa Warumi, ni yuro 18. Kwa bei hiyo unaingia uwanja wenyewe, ule uliozinduliwa na Kaisari Tito mwaka 80, na pia magofu ya jirani, Foro Romano na kilima cha Palatino. Ni mali ya umma na bei yake iko wazi. Sasa jaribu kuinunua kwenye tovuti rasmi ikiwa imebaki wiki moja au mbili kufika siku unayoitaka mwanzoni mwa kiangazi. Hakuna kitu. Asubuhi hakuna, mchana hakuna, jioni hakuna, kesho yake hakuna. Halafu fungua tovuti za walanguzi: siku ileile, saa ileile, tiketi zimejaa tele, yuro 50, 60, mpaka 80. Wanaziita “tiketi na huduma”. Zimetoka wapi kama kwa mwenye nazo zimekwisha?

Jibu linajulikana, na si mimi ninayelisema. Mwezi Aprili 2025 mamlaka ya kulinda ushindani wa biashara ya Italia ilitoza faini ya karibu yuro milioni 20 kwa jumla. Iliyotozwa ni kampuni iliyokuwa ikiuza tiketi za Colosseum pamoja na kampuni kadhaa za watalii. Uchunguzi ulikuwa umeanza mwaka 2023. Walikuta kuna programu za kompyuta zinazozoa tiketi mara tu zinapofunguliwa, kwa kasi ambayo mtu wa kawaida na simu yake hawezi kushindana nayo. Kampuni hiyo ya tiketi, iliyokuwa na jukumu la kuzuia, haikuzuia inavyotakiwa. Na sehemu kubwa ya tiketi ilikuwa inawekwa pembeni kwa ajili ya ziara zilizouzwa kwa bei ya juu. Yaani mgeni alikuwa hauziwi tiketi ya yuro 18 ili alazimike kununua kifurushi. Nikisoma hayo damu inanichemka, maana milioni 20 hizo hazikurudi mfukoni mwa aliyelanguliwa.

Na sisi tunaosafiri na viza tunaumia zaidi ya wote. Fikirieni hesabu hii. Tiketi hufunguliwa siku 30 kabla ya tarehe ya kuingia. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza Italia na nchi nyingi za Ulaya, kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini sheria yao inaruhusu wachukue mpaka siku 45. Ada ya maombi ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Sasa ninunue tiketi zisizorudishwa pesa wakati pasipoti yangu bado iko ubalozini? Mjerumani au Mfaransa anaamka asubuhi siku ya 30, anabonyeza, amemaliza. Mimi nikipata viza, tiketi zilishazolewa, na aliyebaki kunisubiri ni mlanguzi. Ndiyo maana nasema huu mfumo unatuswaga moja kwa moja kwenye mikono yao.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwao. Nilikuwa nampeleka mama mzazi, mama wa miaka 70 na ushee, goti linamsumbua, Mkatoliki ambaye amelitamani jiji hilo tangu akiwa binti. Viza ilipotoka tovuti rasmi ilikuwa tupu. Nikanunua kwa kampuni moja ya mtandaoni, yuro 62 kila mmoja, asubuhi ya tarehe 2 Juni, na walinithibitishia kwa barua pepe.

Tarehe 2 Juni! Kila mtu anayefanya biashara ya utalii Roma anajua siku hiyo ni nini. Ni Sikukuu ya Jamhuri, ya kukumbuka kura ya maoni ya mwaka 1946 ambayo Waitalia walimwondoa mfalme. Gwaride la jeshi linapita barabara ya Via dei Fori Imperiali, inayoishia palepale Colosseum. Barabara zinafungwa, ndege za kijeshi zinapita juu zikiacha moshi wa kijani, mweupe na mwekundu, na uwanja wenyewe haufunguliwi mpaka mchana. Tena siku hiyo makumbusho na maeneo ya kale ya dola huingiwa bure nchini kote! Kwa hiyo hawa watu walituuzia kwa yuro 62 asubuhi ambayo lango linafungwa, katika siku ambayo kiingilio hakilipiwi. Hilo huwezi kuniambia ni bahati mbaya. Ni watu waliojua na wakachukua pesa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ukaja ujumbe: ziara yenu imehamishwa, mtaingia tarehe nyingine saa tano asubuhi. Hawakuuliza. Simu yao ya huduma kwa wateja inapokelewa na sauti ya mashine.

Tukakubali, tungefanyaje. Siku yenyewe tukafika mapema. Saa tano ya Juni pale nje ya Colosseum hakuna kivuli cha maana, jua linapiga kwenye mawe meusi ya barabarani na joto linakurudia usoni kutoka chini. Mwongoza watalii alikuja amechelewa, ameshika fimbo yenye kitambaa cha njano, watu kama 20 hivi nyuma yake. Tukasogea langoni.

Kijana wa langoni alichukua pasipoti ya mama, akaiweka sambamba na simu ya yule mwongozaji, akapitisha kidole kwenye jina herufi kwa herufi. Kwenye tiketi kulikuwa na jina la mwanamume tusiyemjua. Akachukua ya kwangu. Jina lilelile. Akatikisa kichwa, akaturudishia pasipoti zetu kwa adabu, akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba jina la tiketi na la kitambulisho lazima yafanane. Mwongozaji akapandisha mabega, akasema yeye anapokea orodha tu, tuwasiliane na ofisi. Kisha akaingia na wengine. Kile kitambaa cha njano tulikiona kikipotea ndani, sisi tumebaki nje na mama ameegemea chuma cha uzio.

Simlaumu yule kijana hata kidogo. Tangu Oktoba 2023 tiketi za Colosseum zina jina la mwenyewe, na utaratibu huo uliletwa makusudi kuwabana walanguzi. Ni utaratibu mzuri. Lakini tazameni unavyofanya kazi: mlanguzi ananunua tiketi rundo, anajaza jina lolote, anauza, analipwa. Siku ya ukaguzi anayesimamishwa langoni ni mgeni aliyelipa mara tatu ya bei. Mlanguzi hayupo pale. Ameshalala na pesa yake. Ukiweka sheria ya kumkamata mwizi, ikawa inamkamata aliyeibiwa, basi una kazi ya kuirekebisha, na Juni kila siku watu wanaendelea kusimamishwa langoni huku pesa zao zimeliwa.

Kampuni imenijibu baada ya barua nyingi kwamba “huduma ilitolewa, mteja hakutimiza masharti ya kuingia”. Mteja hakutimiza! Jina waliliandika wao, nami niliwatumia majina yetu kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, ushahidi ninao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jiji hilohilo linaonyesha jambo hili linawezekana. Tulikwenda Pantheon, hekalu la kale la Warumi ambalo sasa ni kanisa. Tangu Julai 2023 wanatoza yuro 5, na mimi yuro 5 hiyo niliilipa kwa moyo mweupe. Foleni ilikwenda, tukalipa kwa kadi, tukaingia. Mama alisimama katikati chini ya lile tundu la kuba, tundu lenye upana wa karibu mita 9 lililo wazi kabisa, mvua ikinyesha inaingia na sakafu ina matundu madogo ya kuipokea. Kuba lina kipenyo cha mita 43 na kidogo, na kimo kutoka sakafuni ni hichohicho. Halina nondo hata moja, ni zege tupu la karne ya 2, na limesimama mpaka leo. Hakuna aliyetuuzia jina la mtu mwingine pale. Mama alisali mbele ya altare akatoka anang'aa. Hivyo ndivyo mgeni anavyotakiwa kupokewa.

Mengine nitayapitia, maana yanatoka kwenye tabia ileile ya kumkamua mgeni wa Juni.

Uwanja wa ndege wa Fiumicino, ukitoka tu na mizigo kuna watu wanakunong'oneza “taxi, taxi”. Usiwafuate. Teksi halali ni nyeupe, ina namba ya leseni mlangoni, na nauli ya kuja ndani ya kuta za Aureliano, zile kuta za kale zinazozunguka katikati ya Roma, imepangwa na jiji: yuro 55 kwa gari zima, mizigo ikiwamo. Treni ya Leonardo Express ni yuro 14 mpaka Termini, stesheni kuu ya jiji. Aliyetufuata sisi alianza na 90.

Mgahawani, karibu na Piazza Navona, bili ikaja na yuro 3 kwa kila kichwa chini ya neno “coperto”, yaani malipo ya kukaa mezani tu. Mkoa wa Lazio, ambao Roma imo, una sheria ya mwaka 2006 inayokataza malipo hayo. Nilimwambia mhudumu hivyo, kwa heshima. Akachukua bili, akaenda, akarudi na nyingine. Neno “coperto” limeondoka, mahali pake pameandikwa “pane”, mkate, bei ileile kwa senti. Mkate ambao hatukuagiza na kikapu chake kilikuwa bado hakijaguswa. Maana yake anaijua sheria vizuri sana, na anajua pia mlango wa kuikwepa. Nililipa chakula tu, mkate nikakataa, tukaondoka amenuna.

Na kuna hili la Ngazi za Uhispania, Piazza di Spagna. Tangu 2019 kukaa kwenye zile ngazi ni kosa, faini inaanzia yuro 250 na inaweza kufika 400. Mama goti lilimkaza, akakaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini kuvuta pumzi. Filimbi ikapigwa palepale. Askari wa jiji akaja akimwonyesha kwa kidole anyanyuke. Hakututoza, nashukuru, lakini mama yangu alinyanyuliwa kwa filimbi mbele za watu kama mtoto mtundu. Mimi sipingi kulinda jiwe la karne ya 18. Kuna watu walikuwa wanamwaga mvinyo na kuacha uchafu pale. Napinga kwamba eneo lote lile, linalopokea maelfu ya watu kwenye jua la Juni, mzee hana benchi. Ukitaka kukaa uingie mkahawani, na Italia kahawa ya kunywa umekaa mezani huuzwa ghali kuliko ya kunywa umesimama kaunta. Jiji linachukua kodi ya mgeni kwa kila kichwa kila usiku, yuro 6 kwa hoteli ya nyota 3. Hiyo haiwezi kununua mabenchi?

Nitakuwa mwongo nisiposema kilichotuokoa. Yale mabomba ya chuma ya mtaani, nasoni, yapo kiasi cha 2,500 jijini na ya kwanza yaliwekwa mwaka 1874. Maji ni ya kunywa, ni baridi, ni bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo unakunywa bila kuinama, na mama alijifunza haraka kuliko mimi. Nendeni na chupa, msinunue maji ya yuro 3 nje ya Colosseum. Na pale Vatikani, kuingia Basilika ya Mt. Petro ni bure kwa kila mtu. Foleni ni ya ukaguzi wa usalama. Wale wanaokufuata njiani wakikuapia kwamba foleni itachukua muda wa saa nne na wao wana mlango wao, wapuuze. Tulifika saa moja na nusu asubuhi tukaingia bila taabu. Mabega na magoti yawe yamefunikwa, na jua lile watu wengi wanasahau wanarudishwa.

Colosseum mama hakuingia. Tiketi mpya hazikuwapo mpaka tunaondoka, na kwa walanguzi sikurudi.

Nataka pesa yangu, yuro 124 zote. Nimeshaiandikia benki kupinga malipo na nimepeleka malalamiko kwa mamlaka ya Italia niliyoitaja juu, fomu yao iko mtandaoni. Nataka pia tovuti rasmi iruhusu mwenye maombi ya viza kushika nafasi kwa jina lake na kulipa viza ikitoka, na tiketi iliyouzwa kwa jina la uongo irudishwe pesa na aliyeiuza, papo kwa papo langoni, si kwa barua pepe za miezi. Wadau mliowahi kupinga malipo ya kadi kwa kampuni ya nje mkashinda, wekeni hapa nyaraka gani benki iliwadai na ilichukua muda gani. Wenye safari ya Juni, nitumieni tarehe zenu, nitawaambia siku tiketi zenu zinafunguliwa.