Mjadala: Je, neno la wenyeji latosha kusimamisha msumeno?

Ndugu zangu, wapo wanaoshikilia kwamba mnyama hawezi kulindwa kabla mwanasayansi hajamshika mkononi, kwa kuwa masimulizi ya wanakijiji si ushahidi. Siafikiani nao, na naomba tumtazame panya mmoja wa kisiwa cha Vangunu, katika Visiwa vya Solomon, ambaye watu wa Zaira, jamii ya kisiwani humo, humwita vika.

Watu hao walikuwa naye katika nyimbo zao na hata katika mashairi ya watoto, na walieleza kwamba ni panya mkubwa, akaaye juu ya miti, mwenye meno ya kutoboa nazi. Mtafiti Tyrone Lavery alipata habari hizo mwaka 2010, akamtafuta kwa miaka bila kumwona, hata akaanza kushuku kwamba huenda wenyeji wanawaita vika panya weusi wa kawaida. Mwaka 2015 wavuna magogo waliangusha mti, na humo akatoka panya wa sentimita 46 hivi, kutoka puani hadi ncha ya mkia. Panya huyo alikufa, na kwa mzoga wake Lavery na Hikuna Judge, mlinzi wa msitu wa huko huko, wakamtangaza rasmi mwaka 2017 kwa jina la Uromys vika. Kwa hiyo ushahidi uliodaiwa ili msitu ulindwe ulipatikana kwa kuukata msitu wenyewe, na jambo hilo linanihuzunisha kila nikilifikiria.

Nakiri kwamba shaka ya Lavery haikuwa ya kipuuzi, maana jina moja laweza kubeba wanyama wawili. Lakini masimulizi yanapimika: panya huyu huacha maganda ya kokwa za ngali, mti wa huko, yenye tundu la mviringo lililotafunwa, na anayeijua alama hiyo huweza kukuonyesha pa kutafuta. Picha za kwanza za vika akiwa hai, 95 kwa jumla, za panya 4, zilizochapishwa mwaka 2023, zilipatikana kwa kushirikiana na watu wa Zaira, kwa kamera zilizotegwa msituni pamoja na vibatari vya mafuta ya ufuta.

Hata hivyo, watafiti waliochapisha picha hizo walieleza kwamba idhini ya kuvuna magogo huko Zaira ilikuwa imekwisha kutolewa. Mzoga, jina la kisayansi na picha, vyote vilikuwapo. Wanaotuambia tusubiri uthibitisho watueleze basi huo uliopatikana umezuia nini.

Naona jamii inapomtaja mnyama kwa jina, makao na chakula chake, mzigo wa kuthibitisha kwamba hayupo umwangukie anayetaka kukata miti, na uchunguzi ufanywe kabla ya kibali, ukiongozwa na wenyeji wanaolipwa kama wataalamu wengine. Anayepinga aeleze: kama si anayekata, nani aubebe mzigo huo?