Uidhinisho wa kanisa kwa mchungaji wa KKKT anayeomba kazi ya uchapleni hospitalini, Marekani

Mchungaji wa Zamu ya Usiku (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe, watumishi na ndugu wote. Mimi ni mchungaji wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), nilibarikiwa kuingia uchungaji katika mojawapo ya dayosisi za Nyanda za Juu Kusini, na huu ni mwaka wa tatu niko Minnesota pamoja na familia. Riziki naipata usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumapili nahubiri mara moja moja katika ibada ya Kiswahili, ambayo usharika mmoja wa ELCA, kanisa la Kilutheri la Marekani, hutuazima jengo. Kabla ya kuja huku nilisoma yuniti moja ya CPE, yaani mafunzo ya vitendo ya kuwahudumia wagonjwa kichungaji, pale hospitali ya KCMC Moshi, na mwaka jana nilimaliza ya pili katika hospitali ya huku. Ndipo nikapata moyo wa kuomba nafasi ya mchungaji wa hospitali, ambaye wenyeji humwita chapleni.

Tangazo la kazi lilidai uidhinisho wa kanisa. Nilimpigia simu Mkuu wangu wa Jimbo, kiongozi wa sharika za eneo letu katika dayosisi, naye hakukawia: baada ya wiki mbili nilikuwa na barua yenye mhuri wa dayosisi, isemayo kwamba ninatambulika, nina mwenendo mwema, na nipokelewe popote niendapo. Hospitali ilijibu kwamba barua hiyo haitoshi. Nikamwendea mchungaji wa usharika unaotuazima jengo, akaniambia kwa upole kwamba yeye hana mamlaka ya kuniandikia.

Naomba kuelimishwa: ni nani hasa mwenye mamlaka hayo? Kuomba uidhinisho kwa kanisa la huku si kulikana lile lililonibariki? Na kwa kuwa wanandoa wengi wa Kiswahili huniletea mashauri yao, je, nikishaidhinishwa nitaruhusiwa kutoa ushauri wa kichungaji kwa malipo?

Mama wa Wodi ya Sita

Mchungaji, pole kwa zamu za usiku. Nilipita njia hiyo hiyo, na kosa langu la kwanza lilikuwa hilo lako: nilidhani naombwa barua ya utambulisho. Sisi tumelelewa na barua hizo tangu kipaimara. Mkristo akihama Njombe kwenda Dar es Salaam, anaibeba, na usharika mpya unampokea. Lakini barua ya utambulisho husema ulivyokuwa hadi siku ulipoondoka. Uidhinisho husema kwamba kuanzia leo, ukiingia chumba cha mgonjwa, kuna kanisa lililo nyuma yako, linalokusimamia, litakalopokea malalamiko dhidi yako, na linaloweza kuuondoa uidhinisho huo likiona hufai tena. Baba Askofu wako akiwa Tanzania hawezi kuyafanya hayo kwa mchungaji aliye Minnesota, hata kama anakupenda namna gani.

Kwa hiyo mlango wako ni ofisi ya sinodi ya ELCA (ni kama dayosisi kwetu) ya eneo unaloishi. ELCA huwaidhinisha walio katika orodha yake ya watumishi, na mchungaji aliyebarikiwa katika kanisa jingine la Kilutheri huomba kupokelewa katika orodha hiyo kupitia sinodi na kamati yake ya watahiniwa. Hutabarikiwa mara ya pili, jambo ambalo wengi huliogopa bure. Omba dayosisi yako ikuandikie barua ya kukuruhusu, si ya kukusifu; zile sifa waziweke aya ya mwisho. Kama unatoka Dayosisi ya Iringa, una bahati ya ziada, kwa kuwa Sinodi ya Eneo la Saint Paul ina ushirika nayo uitwao Bega kwa Bega, na huko hutahitaji kuanza kwa kueleza KKKT ni nini. Na hapana, si kulikana. Makanisa yote mawili yamo katika Fungamano la Kilutheri Duniani.

Jiandae kwa mahojiano, maana theolojia si sehemu yake ngumu. Nilitakiwa kupeleka vabatimu moja, yaani ile ripoti ya mazungumzo na mgonjwa iliyoandikwa neno kwa neno. Mjumbe mmoja wa jopo aliweka kidole kwenye mistari miwili. Mgonjwa, namba 6: «Leo sitaki sala, kaa tu.» Chapleni, namba 7: «Basi tuombe kidogo.» Akaniuliza, «Sala ile ilikuwa ya nani?» Nilikaa kimya muda mrefu, nikajibu kwamba ilikuwa yangu, kwa sababu niliogopa kimya cha yule mama. Nadhani jibu hilo ndilo lililonipitisha, ingawa hakuna aliyeniambia hivyo.

Veterani wa Texas

Naongezea upande wa serikali, kwa sababu ninahudumu katika hospitali ya maveterani, yaani askari wa zamani. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanaizuia serikali kuanzisha dini au kuzuia uhuru wa kuabudu, kwa hiyo si kazi yake kuamua nani ni mchungaji wa kweli na nani si wa kweli. Hata hivyo inawaajiri machapleni kwa ajili ya askari, wafungwa na maveterani. Ili itoke katika mkwamo huo, inaliachia kanisa neno la mwisho: jeshini kuna fomu maalumu, DD 2088, ambayo chombo cha dini hujaza kumthibitisha mtu wake. Kanisa likiondoa uidhinisho, kazi hiyo ya uchapleni huiwezi tena, hata kama wagonjwa wote wanakulilia.

Ndiyo maana siasa za ndani za kanisa hufika hadi wodini. Mwaka 2002 bodi ya umisheni ya Wabaptisti wa Kusini wa hapa Marekani iliacha kuwaidhinisha wanawake wapya waliowekewa mikono ya uchungaji, na mwajiri hakuwa na la kufanya. Ilibidi wanawake hao watafute chombo kingine cha Kibaptisti.

Kwa mleta mada: kazi za serikali ya shirikisho kwa kawaida hutaka uraia, basi anzia hospitali za binafsi. Nyingi zitataka hatimaye uthibitishwe na bodi ya kitaaluma, ambako huhitajika yuniti nne za CPE, saa 400 kila moja, pamoja na krediti 72 za masomo ya baada ya shahada ya kwanza. Kama una B.D. (shahada ya kwanza ya theolojia) ya chuo chetu cha Makumira, peleka vyeti vikatathminiwe mapema, kwa sababu jina «shahada ya kwanza» linaweza kukusumbua.

Mtumishi Huru

Ndugu zangu, mnampandisha mlima bure. Yapo mashirika huru ya kuidhinisha machapleni: unajaza fomu mtandaoni, unalipa ada, na baada ya siku chache cheti kinakuja. Mimi ninacho.

Mama wa Wodi ya Sita

Ndugu yangu, yapo mashirika huru yenye heshima, hasa kwa wachungaji wa makanisa yasiyo na maaskofu, na siyapuuzi. Nakuuliza moja tu: la kwako lilikuhoji? Familia ya marehemu ikikushtaki kesho, nani atakayepokea simu? Kama ni tovuti pekee, huna uidhinisho, una risiti.

Kuhusu ushauri wa ndoa, Mchungaji, tafadhali tenganisha mambo. Kumsikiliza muumini wako ni sehemu ya uchungaji. Kujitangaza kuwa mshauri na kutoza fedha ni jambo la sheria ya jimbo na leseni yake, na uidhinisho wa kanisa hauchukui nafasi ya leseni. Mpaka utakapojua sheria ya Minnesota inasemaje, usipokee hata dola tano ndani ya bahasha ya «shukrani».

Mchungaji wa Zamu ya Usiku (mleta mada)

Asanteni sana. Hiyo ya bahasha imenichoma, kwa sababu ninazo mbili kwenye droo, nami nitazirudisha Jumapili. Leo asubuhi nimemwandikia Katibu Mkuu wa dayosisi nikiomba barua ya ruhusa, na ofisi ya sinodi imenipa miadi ya simu Alhamisi saa nne. Nimetoa pia vabatimu zangu za mwaka jana kuzisoma upya. Katika ya tatu mgonjwa anasema amechoka, nami kwenye mstari unaofuata nimeandika Zaburi nzima.