Kwa nini tone dogo lina presha kubwa kuliko tone kubwa?

mwanaPCM_f6
Wakuu habari za jioni. Niko form six, topiki ya mvutano wa uso inanisumbua. Fomula nazijua, tone la maji presha ya ziada ndani ni 2T/r na povu la sabuni ni 4T/r (T ni mvutano wa uso, r ni nusu kipenyo), lakini sielewi mambo mawili. Kwanza r iko chini, yaani tone likiwa dogo presha inakuwa kubwa, mbona puto tukilijaza sana ndio presha inapanda? Pili hiyo 4 inatoka wapi? Naombeni mnieleweshe maana kukariri tu sitaki.

mwl_wa_zamu
Dogo swali zuri sana hili. Chukua tone, likate katikati kichwani mwako, ubaki na nusu moja. Presha ya ziada inaisukuma ile nusu kutoka kwa mwenzake kwa kani ya P × πr², na ngozi ya maji inaishikilia pale kwenye mzingo wa mkato, kani yake ni T × 2πr. Tone limetulia kwa hiyo kani mbili zinalingana, ukifupisha unapata P = 2T/r.

Sasa angalia hapo hapo. Anayesukuma anategemea eneo, anayeshika anategemea mzingo. Punguza r iwe nusu, eneo linabaki robo lakini mzingo unabaki nusu, kwa hiyo ili msukumo uweze kulingana na mshiko presha lazima iwe mara mbili. Ndio siri yote.

Piga hesabu uone, maji T ni kama 0.072 N/m. Tone la nusu kipenyo milimita 1 lina paskali (Pa) 144 tu za ziada, kitu kidogo mno mbele ya presha ya anga ambayo ni kama 101,000 Pa. Shuka mpaka tone la wingu la mikromita 10 unapata 14,400. La mikromita 1 ni 144,000, hapo umeshaipita presha ya anga yenyewe!

Kuhusu puto, mpira ukivutwa unazidi kukaza, ila uso wa maji ukitanuka molekyuli nyingine zinapanda kutoka ndani kujaza nafasi, T inabaki ile ile kama joto halijabadilika. Na hata puto lenyewe, ni pale mwanzo likiwa dogo ndio unapuliza mpaka mashavu yanauma.

Ile 4 ni kwa sababu povu la sabuni ni utando wenye nyuso mbili, ya ndani na ya nje, kwa hiyo mshiko ni T × 2 × 2πr.

nesi_wa_wodini
Naongezea kutoka kwetu hospitali maana hii sio ya mtihani tu. Vifuko vya hewa kwenye mapafu vimelowa ndani, na vile vidogo kwa fomula hiyo hiyo vingejifunga na kusukuma hewa kwenye vikubwa. Mwili unatengeneza surfaktanti, kitu kinachopaka uso wa ndani wa vifuko, inashusha T, na kifuko kikisinyaa inajibana zaidi T inashuka zaidi, ndio maana havifungi. Mtoto njiti anazaliwa nayo haijatosha, unamwona kifua kinabonyea kila anapovuta pumzi na anagumia. Watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead ndio walionyesha mwaka 1959 kwamba tatizo ni hiyo surfaktanti. Siku hizi mama mwenye dalili za kujifungua mapema anachomwa dawa ya deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae.

fizikia_tamu
Mwl kamaliza, ila dogo kuwa makini na mtego mmoja wa mtihani. Kiputo cha hewa NDANI ya maji kina uso mmoja tu, hicho ni 2T/r. Wengi wakiona neno kiputo wanaweka 4 wanapoteza maksi.

mwanaPCM_f6
Asanteni sana wakuu, ile ya eneo na mzingo imeingia kabisa. Sasa kiputo kikiwa sm 10 chini ya maji, r = 0.5 mm, naongeza na presha ya kina?

fizikia_tamu
Ndio, unajumlisha. Kina kinakupa hρg (kina × densiti ya maji × g ya uvutano wa dunia) = 0.1 × 1000 × 9.8 = 980 Pa, mvutano wa uso unakupa 2 × 0.072 / 0.0005 = 288 Pa, jumla 1,268 Pa juu ya presha ya anga. Wakikuuliza presha kamili ndio unaongeza na ya anga. Na soma swali vizuri, mara nyingi wanakupa kipenyo, gawa kwa 2 kwanza.