Naomba ushauri: Ustoa unanisaidia kwenye madeni, kwenye msiba nakwama
Wakuu, shikamooni wakubwa. Tangu nifiwe na mama mwezi wa tatu, nasoma mafundisho ya Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma (falsafa yao ndiyo Ustoa). Epictetus, aliyekuwa mtumwa kule Roma kabla ya kuwa mwalimu, anatenganisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyokuwa mikononi mwetu. Kwenye madeni na maneno ya watu, imenisaidia kweli. Kwenye msiba, hapana. Anasema ukimbusu mwanao, jikumbushe kwamba unambusu kiumbe wa kufa. Jamani, moyo huo unatoka wapi? Hata Marcus Aurelius, Mstoa aliyekuwa kaizari wa Roma mwaka 161 hadi 180, alizika watoto kadhaa. Sidhani kama aliwazika kwa macho makavu. Mliopitia haya, usiku usingizi ukigoma mlifanyaje? Na Seneca, Mstoa mwingine wa Roma, nimsome sasa, au nimwache kwanza?