Mrejesho: Baridi yabisi na ujauzito, nimejifungua

Wapendwa, niliuliza kama mwenye baridi yabisi anaweza kubeba mimba salama. Nimejifungua wiki ya 36, mapema kidogo, mtoto kilo 2.4 na ni mzima.

Mliosema methotreksati (dawa ya baridi yabisi inayoweza kudhuru mimba) iachwe mapema, asanteni. Daktari aliisimamisha miezi 3 kabla sijashika mimba, akanibakiza na salfasalazini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, pamoja na vidonge vya foliki. Mimi nilitaka kuacha dawa zote! Akakataa: ugonjwa ukichachamaa ndipo hatari ya kuzaa njiti au mtoto mwenye uzito mdogo inapoongezeka.

Miezi ya katikati maumivu yalipoa hadi nikajisahau. Ila wiki ya 6 baada ya kujifungua vidole vilivimba, hata vifungo vya nguo za mtoto vikanishinda. Nimeongezewa dawa inayoruhusu kunyonyesha.