RNA kiduchu ya msuli: nizidishe au niende PCR moja kwa moja?

Uzi_Mwekundu: Wakuu, heshima kwenu. Nina nyuzi chache za msuli wa paja, nimezichambua kutoka biopsi ya sindano. RNA ninayopata (nakala za jeni zinazofanya kazi) ni nanogramu chache tu. Natafuta jeni za MYH7, MYH2 na PAX7. Nizidishe kwa T7 kwanza, kile kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA?

Mzee_wa_Pipeti: Kwa jeni tatu? Usijisumbue. Geuza RNA iwe cDNA (nakala yake ya DNA), endesha qPCR, ile PCR inayozidisha DNA huku ikipima kiasi chake. MYH7 imefurika kwenye nyuzi za aina ya kwanza, MYH2 kwenye aina ya 2A. Utaziona bila shida.

PAX7 ndiyo yenye kazi. Hiyo ni ya seli za setilaiti (seli shina za msuli), nazo ni chache mno kando ya uzi. Kwa nyuzi chache, huenda hukuchukua hata seli moja, na hakuna kimeng'enya kitakachozidisha kisichokuwemo.

Kibarua_wa_Benchi: Ukitoa RNA usisahau proteinezi K, kimeng'enya cha kuyeyusha protini. Msuli umejaa kolajeni na protini za kukaza msuli, bila kuuyeyusha vizuri sehemu ya RNA inabaki kwenye mashapo. Pima na jeni ya hemoglobini pia, ujue damu imeingia kiasi gani.

Uzi_Mwekundu: Asanteni. Ila msimamizi wangu anataka baadaye tuangalie jeni zote kwa maikroarei (kibao kinachopima maelfu ya jeni kwa pamoja).

Mzee_wa_Pipeti: Ungesema mapema! Hapo T7 ina maana. Praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili) ya oligo-dT, yaani mfululizo wa T, yenye promota ya T7 (mahali T7 inapoanzia) inashika mkia wa A wa RNA, inatengenezwa cDNA ya nyuzi mbili, kisha polimerezi ya T7 inatoa RNA nyingi kutoka kiolezo kilekile. Ni njia ya mtafiti Eberwine na wenzake, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kuwa ndani ya duru moja hainakili nakala za nakala, uwiano wa jeni haupindi kirahisi kama kwenye PCR ya mizunguko mingi.

Ukirudia uzidishaji, duru ya pili huanza na praima nasibu, kwa hiyo molekuli zinafupika upande wa mwanzo, yaani 5'. Praima zako za uhakiki ziweke karibu na mwisho wa 3', la sivyo utasema jeni haipo kumbe umeikata mwenyewe.

Sampuli zote zianze na kiasi kimoja, duru zilezile. Halafu chukua misuli miwili yenye RNA ya kutosha, punguza hadi nanogramu zako, zidisha, ulinganishe tofauti yao kabla na baada. Jeni ambayo tofauti yake haikubaki vilevile, itoe kwenye orodha, hata kama msimamizi anaipenda.