Wachumaji karafuu Pemba waliwahi kugoma?

Mwana wa Mtambwe:
Assalaam alaykum wajuzi. Bibi yangu kachuma karafuu tangu hajaolewa. Jana usiku tunachambua, akatusimulia tajiri mmoja wa zamani: mmepatana bei ya pishi ya mfuto, yaani kipimo kilichofutwa juu kikawa sawa, lakini wakati wa kupima anataka ya tele, mpaka imwagike. Mgomo wa mahamali Unguja 1948 nimeusikia sana. Sisi huku juu ya mikarafuu tulinyamaza tu?

Mzee wa Kikwajuni:
Waalaykum salaam mjukuu wangu. Huo wa 1948 ulianzia bandarini mwezi wa Agosti, Septemba mji mzima ukasimama. Vita vimekwisha, chakula na kodi za vyumba vimepanda, ujira uko pale pale. Mombasa walishagoma Januari 1947, na bandari ya Dar es Salaam mwaka huo huo. Hamali wenziwe wako naye gati moja. Mchumaji mmoja yuko Mtambwe, mwengine Kengeja, watapatana wapi?

Lakini usiseme mlinyamaza. Rudi 1897, utumwa ulipopigwa marufuku (masuria wakangojeshwa mpaka 1909, hilo watu hulisahau). Wengi walibaki mashambani, wakalima muhogo wao chini ya mikarafuu. Walipoambiwa wapalilie shamba la bwana kama zamani, wakakataa, au wakataka fedha. Ndipo wakaletwa Wanyamwezi kutoka bara. Na karafuu haingoji: ikishachanua, thamani yake imekwenda. Mchumaji akiona hapa anadhulumiwa, huchukua pakacha lake akahamia shamba la pili. Kama huo si mgomo, sijui uitwe nini.

Bint Chake:
Mzee wangu, kuhama kwataka uwe na pa kuhamia. Mama yangu alikuwa na mtoto mgongoni na deni la unga kwa tajiri huyo huyo.

Mzee wa Kikwajuni:
Hapo umenishika, mwanangu.

Mwana wa Mtambwe:
Nimemsomea bibi yote haya, kacheka. Anasema wao hawakuhama. Siku moja wanawake sita waliketi chini na mapakacha yao, wakakataa kumimina mpaka tajiri alete kijiti cha kufutia pishi. Jua linazama, karafuu mbichi zishaanza kupata moto humo ndani, zikikaribia kuharibika. Kijiti kikaletwa.